Mikono Mirefu ya Bi Saumu

Bafta mpya ina harufu yake. Ni kama unga wa muhogo uliochanganyika na vumbi la stoo. Juzi jirani yetu hapa Dodoma alipofiwa, mimi ndiye niliyetumwa dukani kununua kitambaa cha sanda. Muuzaji akalishusha jora, akalipiga kofi juu ya meza, na harufu ile iliponijia puani nikajikuta natabasamu mbele ya watu. Yule muuzaji alinitazama vibaya, na alikuwa na haki. Ningemweleza nini? Kwamba bafta kwa wengine inanuka msiba, lakini mimi inanirudisha uani kwetu Isevya, Tabora, asubuhi ya baridi, kumchungulia mwanamke wa Kichina niliyeamini kwamba ana magurudumu miguuni?

Tulikuwa tukiishi katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa nyumba ya kizamani, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko, pipa la maji na kamba za kuanikia nguo. Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani. Mama alipika vyakula vya kuagizwa. Chumba cha mbele tulikuwa tukikipangisha, na siku moja Maganga, kijana wa Goweko aliyekuwa mpiga ngoma wa kikundi kimoja cha sanaa pale mjini, alituletea mpangaji mwembamba, mwenye nywele fupi, anayeburuta sanduku kubwa la bati.

"Mambo vipi, Bibi?" mgeni alisema kwa furaha.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Akainua uso. "Mambo yapi?"

Maganga akakohoa. "Bibi, msamehe. Kiswahili amejifunzia Dar es Salaam."

"Na Dar es Salaam hakuna wakubwa?" Bibi akamgeukia mgeni, akasema polepole kama anayemlisha mtoto uji. "Sema shikamoo."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, ingia sasa."

Jina lake lilikuwa Suyun. Bibi alilijaribu mdomoni, likakataa kukaa, akalitupa na kumwita Saumu. Kuanzia siku ile mtaa mzima ulimjua kama Bi Saumu, na yeye aliitika bila taabu.

Nilimuuliza Baba huyu mama anafanya kazi gani. Baba alifikiri kidogo akaniambia, "Anapanga jinsi watu watakavyotembea jukwaani." Jibu hilo lilinisumbua kwa siku kadhaa. Niliwajua watu wanaofundisha hesabu, Kurani, hata kuendesha lori. Sikuwahi kusikia mtu mzima akisafiri kutoka ng'ambo kuja kuwafundisha watu wazima kutembea. Nilidhani watu wa kikundi cha Maganga wana ugonjwa wa miguu unaofichwa.

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta, Bi Saumu aliuzunguka ua. Alijifunga kanga aliyopewa na Mama, ikashuka mpaka kufunika vidole, kisha akaanza kwenda. Sisemi kutembea, kwa sababu hakuna kitu kilichotikisika. Mabega yalitulia, shingo ilitulia, na mwili wote ukateleza kuzunguka pipa la maji kama umewekwa juu ya kitoroli kinachosukumwa. Rafiki yangu Rukia, mtoto wa jirani, alichungulia pamoja nami kwenye upenyo wa mlango wa jikoni.

"Ana magurudumu," Rukia alisema.

"Mtu hawezi kuwa na magurudumu."

"Wachina wanatengeneza kila kitu, Zuhura. Hujui?"

Kesho yake nikalala kifudifudi nyuma ya pipa ili nichungulie chini ya kanga. Bi Saumu aliteleza mpaka karibu yangu akasimama.

"Unatafuta nini?"

"Magurudumu."

Hakulijua neno. Nikamchorea duara hewani kwa kidole nikalizungusha. Alicheka mpaka akajishika mgongo, kisha akainua kanga. Ilikuwa miguu tu, ya mtu kama sisi, yenye vidole vilivyopinda na kisigino kilichopasuka. Akachuma jani kwenye mpera wetu, akalibana katikati ya magoti yangu. "Tembea. Jani lisianguke."

Lilianguka hapo hapo.

"Mimi nilianza nikiwa kama wewe," alisema. "Jani likianguka, fimbo."

"Na ukilia?"

"Fimbo nyingine."

Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayesimulia hali ya hewa ya kwao. Tangu siku hiyo nilimfuata kila mahali aliponiruhusu, na yeye hakuchoka kuulizwa.

Kikundi chao kilifanyia mazoezi katika ukumbi mmoja wa zamani, si mbali na stesheni ya treni. Mchezo waliokuwa wakiutengeneza ulihusu njia ya misafara, ile ile ambayo sisi tuliivuka kila siku kwenda sokoni bila kuifikiria. Walicheza wapagazi wa Kinyamwezi, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, na wengine walioelekea Ujiji na kuvuka ziwa. Mama alipewa kazi ya kuwapikia chakula cha mchana, nami nilimfuata nikibeba vijiko.

Mwanzoni mambo yalikwenda vibaya. Bi Saumu aliwataka wapagazi waende kwa zile hatua zake za kuteleza. Lakini Maganga na wenzake walikuwa wamezoea kukanyaga ardhi mpaka iitike, na yeye alitaka waiguse tu. Walionekana kama watu waliotumbukia kwenye miiba. Wakacheka, wakajaribu tena, wakacheka zaidi, mpaka kicheko kikaisha na kubaki uchovu. Bi Saumu hakugomba. Alikwenda kukaa ukingoni mwa jukwaa, mkono mgongoni, akaitazama sakafu. Nilimwonea huruma, maana hata mimi niliona kwamba watu hawa hawana ugonjwa wowote wa miguu na kwa hiyo yeye hana kazi.

Ndipo Mama akaingia na sufuria ya wali kichwani. Mikono yote miwili ilikuwa na vifurushi, kwa hiyo aliusukuma mlango kwa nyonga, akageuka upande kupita, akapanda ngazi za jukwaa, akaruka waya uliolala sakafuni. Sufuria haikujua kama kuna mlango wala waya.

Bi Saumu akasimama. "Mama Zuhura! Toka nje. Ingia tena."

Mama akashtuka. "Kwani wali una nini?"

"Wali mzuri. Ingia tena."

Mama akatoka, akaingia. Akaombwa atoke tena, aingie tena, safari hii polepole, safari hii akitazama mbali. Wachezaji wote walimwangalia mama yangu kama hawajapata kumwona, na mimi pia nilikuwa sijapata kumwona. Mwisho Maganga akalalamika kutoka nyuma ya ngoma, "Jamani, njaa itatuua. Mwacheni mama atue!"

Siku hiyo hiyo zile hatua za kuteleza ziliachwa. Bi Saumu alianza upya na mwendo wa mtu mwenye mzigo, akauchukua kwao na kuupunguza, akauongeza mahali, akaupanga mistari mpaka wapagazi wakawa mto unaopita jukwaani. Na Mama akaombwa acheze mke wa mmoja wao.

"Mimi?" Mama alisema. "Mke wa mtu, nikapande jukwaani?" Alikusanya sahani zake haraka, tukaondoka.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Sikujiuliza kwa nini Mama alianza kuchelewa kurudi kutoka ukumbini, wala kwa nini mimi niliachwa nyumbani na Rukia, wala kwa nini alisimama jikoni akiinua mkono mmoja taratibu huku mboga ikiungua.

Kisha Baba akaleta bafta. Nilirudi kutoka chuo cha Kurani, nikamkuta barazani akishona kitambaa cheupe ambacho kiliteremka kutoka kwenye cherehani, kikavuka mkeka, kikaishia kwenye kizingiti. Mimi bafta nyingi namna ile nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu, kwa jirani, siku waliyomtoa babu yake Rukia kwenda kuzikwa.

"Ya nani hiyo, Baba?"

Baba alikuwa na pini midomoni. "Ya Bi Saumu," alisema kupitia meno, akaendelea.

Kwa hiyo Bi Saumu alikuwa anakufa. Kila kitu kikanikalia sawa: kujishika mgongo, dawa aliyojipaka yenye harufu ya kafuri, na jinsi alivyokaa peke yake kizingitini jua likizama, akiishika simu bila kumpigia mtu. Nilimchunguza siku mbili tatu. Nilitaka kujua mtu anayekufa anakula vipi, anacheka vipi, na kwa nini hata amejiagizia sanda yeye mwenyewe kana kwamba ni sare ya harusi. Udadisi ukanishinda. Mchana mmoja nikaingia chumbani kwake.

Alikuwa mbele ya kioo, amejipaka uso rangi nyeupe nusu, na jicho moja limezungushiwa wekundu kama ua la mkomamanga.

"Bi Saumu, utakufa lini?"

Aligeuka taratibu. "Nani kasema nakufa?"

"Baba anakushonea sanda."

"Sanda ni nini?"

"Nguo nyeupe, ndefu. Ya kuzikiwa."

Akafikiri, kisha uso ukamfunguka. "Aa! Ile nyeupe! Si yangu mimi. Ya mama yako."

Sikumbuki nilivyotoka chumbani. Nakumbuka nilipita ukumbini mpaka uani nikipiga kelele ambazo Rukia alidai baadaye zilisikika kwao. "Mama anakufa! Sanda ni ya Mama!" Baba alitoka mbio barazani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Bibi alitoka na ungo. Mama alitoka jikoni mikono ina unga, akanikumbatia, nami nikamshika kiuno kwa nguvu zangu zote. Nyuma yangu akatokea Bi Saumu na ule uso wa nusu mweupe, nikalia zaidi.

Ikabidi Baba aende kuileta. Ilikuwa gauni. Mwili wake ulikuwa wa kawaida, lakini mikono ilikuwa imeunganishwa bafta iliyozidi urefu wa mtu atakayelivaa. Bi Saumu alitia mkono wake mmoja ndani, akautupa. Kitambaa kikaruka kama maji ya ndoo yaliyomwagwa, kikanyooka ua mzima, halafu kwa kutikisa kifundo tu kikarudi, kikajikunja juu ya vidole vyake. Nikasahau kulia.

"Kwetu tunaiita mikono ya maji," alisema. "Jukwaani mtu halii machozi. Rangi itaharibika. Mkono ndio unalia."

Nilitaka autupe tena. Lakini Bibi alikuwa anamtazama Mama.

"Mwanaidi, na wewe unamlilia nani?"

Mama aliangalia chini. "Nitacheza mke wa mpagazi, Mama. Nilitaka kukwambia."

"Mpagazi gani?"

"Aliyekwenda Ujiji. Hakurudi."

Bibi aliuweka ungo chini taratibu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nilikuwa na mjomba aliyeitwa Hamisi, kaka yake Mama. Aliondoka mimi nikiwa bado nanyonya, akiwa utingo kwenye malori ya mizigo ya Kigoma. Ilisemekana alivuka ziwa. Baada ya hapo haikusemekana kitu. Hakukuwa na kaburi wala hitima, na jina lake halikutajwa mbele ya Bibi, hata kwa wema. Jioni ile nilimsikia Bibi akimwambia Mama kupitia mlango, "Mtu hajafa, humlilii. Ukimlilia umemzika." Baba alilikunja lile gauni akaliweka juu ya kabati.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, Bi Saumu alikwenda kukaa kwenye mkeka wa Bibi uani. Mimi nilikuwa pembeni nikibambua karanga, na hakuna aliyenifukuza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kumwombea Mwanaidi?"

"Ndiyo."

"Kwanza niambie. Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Anajua uko Tabora?"

"Hajui."

Bibi akaacha alichokuwa akifanya. "Anajua uko wapi?"

Ndipo alipotoa habari zake, kwa Kiswahili chake cha vipande vipande, akitafuta maneno na wakati mwingine akimaliza kwa mikono. Baba yake alikuwa mkuu wa kundi la michezo ya kale ya kwao, ile ambayo mtu mmoja anaimba, anapigana na kuruka sarakasi humo humo. Yeye alicheza wanawake mashujaa. Alipendwa. Siku moja aliruka kutoka juu ya meza zilizopangwa ghorofa, akaangukia mgongo, na kuruka kukaisha. Baba yake alitaka abaki awafundishe watoto. Yeye akapata kazi nje, ya kuwapangia wageni michezo yao, nchi hii halafu ile. Baba yake akamwambia, "Unawauzia wageni miguu ya babu zako." Aliondoka na maneno hayo. Mzee alipofariki yeye alikuwa katikati ya onyesho, mbali sana, na hakwenda. Tangu hapo aliona haya kumpigia mama yake. Mwaka ukaingia mwaka.

"Kila nchi nawafundisha watu kuaga," alisema. "Mimi mwenyewe siwezi."

Nilidhani Bibi atamfariji. Badala yake alisema, kwa ukali kabisa, "Sasa huyo mama yako anakaa wapi usiku akikufikiria? Anajua kama unakula? Unajua wewe mlango unavyotazamwa?" Sauti ikamkatika, akaitafuta tena. "Nina masharti. Mpigie. Sasa hivi, nikikuona. Ukimpigia, Mwanaidi atacheza. Na jambo la pili: huyo mpagazi wenu usimuue. Usiseme amekufa. Hakuna anayejua."

Bi Saumu alikwenda na simu nyuma ya shuka zilizoanikwa. Iliita sana. Kisha tukasikia neno la kwanza, na lile mimi nililielewa, kwa sababu lilikuwa "Ma". Mengine sikuyaelewa. Yalikuwa yanapanda na kushuka, yanakatika, yanaanza tena, na nilitamani kujua yanasema nini kuliko nilivyowahi kutamani kujua kitu chochote. Upepo ulipoinua shuka nilimwona. Alikuwa akilia machozi hasa, na kamasi juu yake, wala hakufunika uso. Nilimtazama Bibi ili nimwambie kwamba kumbe kwao wanalia pia. Bibi alikuwa amejifunika kanga usoni.

Onyesho lilifanyika alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani: watu wa mjini kwa kanzu na mabuibui, wakulima waliokuja na malori kutoka Uyui, na wanafunzi. Bibi alikaa benchi la mbele akiwa ameniweka mapajani ingawa nilikuwa nimeshakua. Baba alikuwa nyuma ya pazia na sindano, kwa dharura.

Wapagazi walipita, ngoma ya Maganga ikiwasukuma, wakaingia mlango wa upande wa magharibi wakapotea. Ngoma ikanyamaza. Akabaki Mama. Sikumtambua mara moja, kwa ile rangi na kwa jinsi alivyosimama. Alitupa mkono mmoja kuelekea ule mlango. Bafta ikaenda mbali, ikatua bila sauti. Akausubiri. Akaukusanya taratibu, pindo juu ya pindo, kama anayekunja nguo za mtu atakayezihitaji. Akautupa tena. Hakuanguka, hakuinamisha kichwa, hakufanya lolote la kusema basi imekwisha. Alitupa, akasubiri, akakusanya.

Nilihisi kifua cha Bibi nyuma yangu kikipanda. Kisha akaita, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu aje kula: "Hamisi! Hamisi we!"

Nikamwona Mama akisita, kitambaa kiko hewani. Halafu nyuma kabisa mwanamume mmoja akaita, "Juma!" Mwanamke akaita, "Kalunde, mwanangu!" Majina yakaanza kutoka kila upande, ya Waislamu na ya Wakristo na ya Kinyamwezi, ya waliokwenda migodini, waliovuka ziwa, waliopanda treni. Mimi nilidhani ni sehemu ya mchezo. Nilidhani wanaoitwa wako nyuma ya mlango ule na sasa wataingia mmoja mmoja, kwa hiyo sikuwatazama watu wala sikumtazama Mama. Niliutazama mlango. Niliutazama mpaka taa zilipowashwa, na bado nilikataa kushuka mapajani.

Bi Saumu alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono kifuani. Baadaye alimwambia Mama kwamba katika kazi zake zote nje, hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuipanga yeye.

Mjomba Hamisi hakurudi, na mpaka leo hatujui. Lakini njiani kurudi Isevya alasiri ile Bibi alianza kunisimulia habari zake: kwamba hakupenda maharage, kwamba alipiga mluzi akiwa anaoga, kwamba alinibeba siku niliyozaliwa akaogopa kunishusha. Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alisimama barazani kwanza, akamaliza.

Bi Saumu aliondoka kabla ya mvua. Alisema anakwenda kwao, halafu kuna kazi inamsubiri nchi nyingine, jukwaa kubwa. Bibi alimfungia karanga na asali ya Tabora, akamwambia asiifungue mpaka afike kwa mama yake.

Ikapita muda. Mchana mmoja simu ya Baba ikaita, ile ya picha, na kwenye kioo akatokea Bi Saumu akicheka, na kando yake bibi kizee mdogo mwenye nywele nyeupe kama pamba. Bibi aliinyakua simu akaishika karibu sana na uso. Yule bibi wa kule akaanza kusema kwa lugha yake, kwa kirefu, akinyoosha kidole kwa binti yake. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamjibu kwa Kinyamwezi, kwa kirefu vile vile. Wakaendelea hivyo, huyu akisema na huyu akiitikia, wakikatizana, wakipandisha sauti, wakicheka mahali pamoja. Bi Saumu alijaribu kutafsiri, wakamnyamazisha wote wawili.

Simu ilipokatika nilimvuta Bibi kanga. "Bibi, amesema nini?"

"Nani?"

"Mama yake Bi Saumu. Amesema nini?"

Bibi alinitazama kama anayeshangaa swali lenyewe.

"Amesema mwanawe amekonda," alijibu, akamrudishia Baba simu.